Mbuzi wa Barabara ya Nzilo

Haya alinieleza Tshilombo mwenyewe, mwaka ule mvua ilipochelewa mpaka Desemba, siku niliyompelekea baiskeli ya mjukuu wangu aizibe. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake pale Dilala, mtaa wa Kolwezi, mzee wa miguu myembamba, akitafuta tundu la mpira ndani ya beseni la maji. Nilimuuliza tu kwa nini mtu anayepita kasi barabarani hasalimii wenzake. Akaongea mpaka jua likageuka.

Ilikuwa miaka ya Zaire, kila mtu anaitwa sitwayen, yaani raia, na majina ya ubatizo yamefichwa sandukuni. Tshilombo alikuwa fundi wa pampu kwenye shirika la migodi, akikaa kambini na mke wake Mbelu, wote wawili watu wa Kasai, kwao Luputa. Baiskeli, ambazo sisi tunaziita kinga, zilikuwa nyingi pale kambini. Zilibeba makala ya kupikia, zilibeba unga, samaki wa Nzilo, wagonjwa, hata bibi harusi na sanduku lake. Ya Tshilombo haikubeba kitu. Ilikuwa ya mbio, nyembamba kama mtu aliyetoka hospitali, pembe zake za usukani zimekunjwa chini, na nyuma hakuna chuma cha kufungia mzigo. Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka ndiye aliyemwachia.

"Mama Mbelu, ile kinga ya bwana yako iko ya kufanya nini?" wanawake walimuuliza kwenye bomba. "Unga haibebe, makala haibebe. Hata wewe na tumbo yako haikubebe!"

"Inamubeba yeye," Mbelu alijibu. "Inamupeleka Nzilo, inamurudisha."

"Na kule Nzilo anafuataka nini?"

"Hapana kitu. Anafikaka, anageuka."

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Mbelu naye alicheka kidogo, akajitwisha ndoo yake, akaondoka kabla ya wengine.

* * *

Mwezi wa tano, siku ya sikukuu ya chama, kulikuwa na mbio: kutoka Kolwezi mpaka bwawa la Nzilo na kurudi. Wanne wa kwanza wangeingia katika ekipi, yaani timu, ya mkoa wa Shaba, wapelekwe Kinshasa. Tshilombo alikuwa ameitafuta nafasi hiyo miaka miwili. Kila siku aliamka saa kumi, akanywa uji bila sukari, akatoka bila kusema neno, akaenda na barabara mpaka mwanga umkute mbali. Kama alikuwa wa zamu ya asubuhi kazini, alikwenda jioni. Mvua ilimnyeshea, baridi ya Juni ilimpasua midomo. Hakunywa pombe, hakwenda kwenye matanga ya watu kukesha, maana aliyekesha hawezi kupanda kilima.

Aliyekuwa anakwenda naye ni mmoja tu, Aruna, kijana wa wachuuzi Waislamu waliotoka Maniema. Hata hao wawili hawakuzungumza. Tshilombo alitangulia akikata upepo, Aruna akajificha nyuma ya gurudumu lake. Walijuana kwa pumzi. Aruna alisikia Tshilombo akivuta hewa mara mbili kwa haraka, akajua sasa tunapanda. Huo ndio ulikuwa urafiki wao.

Tena waendeshaji wa mbio walikuwa na sheria zao. Walinyoa miguu kwa wembe, kuanzia kifundo mpaka pajani, wakaipaka mafuta. Na wiki sita kabla ya mbio mwanaume hakulala kitanda kimoja na mke wake, eti nguvu zisibaki kwenye shuka. Kwa hiyo Tshilombo alilala kwenye mkeka sebuleni, na Mbelu, mimba ya miezi minane, alilala peke yake kwenye kitanda kikubwa. Katikati palikuwa na ukuta mmoja. Kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa amekufa siku ya nne. Ndiyo maana mama yake Mbelu, Mama Tshibola, aliandikisha barua kwamba safari hii atakuja mwenyewe kumshika mtoto. Angepanda treni Luputa, abadilishe pale Tenke kama watu wote wanaotoka Kasai, afike Kolwezi Jumamosi.

Alifika Jumatano.

* * *

Tshilombo alirudi kutoka Nzilo saa tatu ya asubuhi, siku aliyopewa ya kupumzika kazini. Alikuwa amevaa kaputula ya mbio, nyeusi, yenye kubana, fupi kuliko chupi za watu wengine. Miguu yake ilikuwa imenyolewa jana, imepakwa mafuta, inang'aa kwa jasho. Alishuka, akaiweka baiskeli begani ili isiguse mchanga, akaingia uani na paja lake moja mbele.

Kwenye kizingiti alikuwa amekaa mama mkwe wake.

Kwa watu wa Kasai mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Miaka mitano ya ndoa Tshilombo hakuwahi kuuona uso wa yule mama vizuri. Sasa walitazamana muda wa kupepesa jicho. Kisha Mama Tshibola akafunika kichwa kwa kitenge, akasimama, akamgeuzia mgongo, akatoka uani bila viatu. Mzigo wake aliuacha pale pale, na kuku wake mmoja aliyefungwa miguu.

"Mama!" Mbelu aliita kutoka ndani. "Mama, unaenda wapi?"

Mama Tshibola alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Tata Mulumba, mkubwa wa watu wa Luputa pale kambini, akakaa nyuma ya nyumba, uso ukutani.

Jioni Tata Mulumba alimwita Tshilombo. Naye akaja amevaa suruali ndefu na koti, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Mwanangu, unajua umefanya nini?"

"Tata, sikujua kama amefika. Barua ilisema Posho, hii Jumamosi."

"Macho yake haikuona barua. Iliona mapaja." Mzee alikohoa. "Tena mapaja ya kunyoa! Kama angekuta ya mwanaume, ya nywele, tungesema ni bahati mubaya. Yako inang'aa sawa sahani."

Nyuma ya mlango mke wa Mulumba alishindwa kujizuia, akacheka kwenye kitenge. Tshilombo alitazama chini.

"Kosa ile iko na mbuzi," Mulumba alisema. "Mbuzi mumoja muzima, na uvute kamba wewe mwenyewe. Akileta mutu mwingine, ile itakuwa nyama tu, haitengeneze kitu. Mpaka pale mama yako hawezi kuingia mu nyumba yako, na hawezi kugusa mutoto atakayezaliwa mule."

"Nitaleta, tata. Kisha mbio."

"Kisha mbio?" Mzee alimtazama kama mtu anayetazama mashine ambayo haikuwaka. "Siku ya sikukuu treni ya Tenke inaondoka saa sita ya muchana. Mama amesema: mbuzi ikikosa, yeye atakuwa ndani ya ile treni. Sasa wewe ona."

* * *

Asubuhi ya kesho yake Tshilombo alikwenda mazoezini kama kawaida. Alijiambia atatafuta mbuzi akirudi. Karibu na Nzilo, kwenye kona, mbuzi wa bibi mmoja wa pale walivuka barabara, saba au wanane, wakamlazimisha kufunga breki. Alikasirika sana kwa sababu mwendo wake ulivunjika. Alipiga kelele, akawazunguka, akaendelea. Hakufikiri kitu kingine. Hilo ndilo alilonieleza mara mbili, akiwa ameshika mpira wa baiskeli mkononi: mbuzi walipita mbele ya macho yake, na yeye aliwaona kama mawe.

Mjini mbuzi hawakupatikana. Sikukuu ilikuwa imekaribia, kila mkubwa wa ofisi amekwisha funga wake uani. Tshilombo alizunguka baada ya kazi siku mbili, akigonga milango ya watu. "Mbuzi, lelo?" walimcheka. "Kwa nini usikamate ile kinga yako? Nayo iko na pembe!"

Jioni ya kuamkia mbio alimkuta Mbelu amekaa kitandani, miguu imevimba, anakunja nguo ndogo ndogo za mtoto.

"Umepata?"

"Sikupata."

"Kesho mama anapanda treni."

"Mbio itaisha saa tano. Nitakimbia kwa Tata Mulumba, nitamuomba."

"Utamuomba na nini? Na medali?"

Namba ya mbio ya Tshilombo, kitambaa cheupe chenye kumi na moja, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya redio.

"Yule mutoto wa kwanza," Mbelu alisema, "ile siku ya ine, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku barabara."

"Ulikuwa ku barabara." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja mtaa wa jirani. "Tata Tshilombo, mi siogope kuzaa. Niko naogopa siku ya ine. Siku ile, mu nyumba hii, nilikuwa mi na mutoto tu."

Alikunja nguo ya mwisho, akageuka ukutani. Tshilombo alikwenda kwenye mkeka wake. Kabla usingizi haujamchukua aliwaona wale mbuzi, mmoja mmoja, wakivuka ile kona bila haraka.

* * *

Aliamka saa kumi, akanywa uji. Alivaa suruali ndefu ya kazi, akaifunga kamba vifundoni isiingie kwenye mnyororo. Alichukua redio yake kutoka mezani, redio ya betri ambayo usiku mmoja alisikia ndani yake majina ya waendeshaji wa Kinshasa yakisomwa, akalisema lake kimya kimya mwishoni mwa orodha. Aliifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Namba kumi na moja aliiacha kwenye msumari.

Bibi wa mbuzi alikuwa anafagia uwanja alipofika. Alisimama na ufagio wake.

"Ee! Wewe njo ule anapitaka kila siku bila kusalimia."

"Ndiyo, njo mimi, mama. Jambo."

"Miaka mbili! Nilisemaka: mutu huyu ni bubu, ao kwao iko na msiba usioisha."

"Ni pumzi, mama. Nikisalimia, pumzi inapotea."

"Pumzi ya *jambo* moja?"

Tshilombo alishuka kwenye baiskeli. Alieleza shida yake, akaifungua redio mgongoni, akaiwasha ili bibi asikie kwamba inasema, kisha akaitoa badala ya mbuzi. Bibi aliigeuza, akaigonga mgongoni, akaiweka sikioni.

"Nitakupa mbuzi," alisema. "Lakini unisalimie kwanza. Sawa batu banasalimianaka."

Basi alimsalimu. Aliuliza habari za kuamka, habari za watoto, habari za shamba, habari za magoti. Bibi alijibu yote polepole, bila kuacha hata mtoto mmoja, na jua likazidi kupanda. Mwishowe alimletea mbuzi jike, mchanga, mweupe mwenye doa begani.

"Na utamubeba wapi? Kinga yako haina mahali."

Tshilombo alimfunga mbuzi miguu kwa jozi, akamtupia shingoni kama skafu, kwato zikamkaa kifuani. Akapanda. Bibi alisimama barabarani akicheka peke yake mpaka hakumwona tena.

* * *

Hakuwa amekwenda mbali alipowaona wanakuja: kwanza pikipiki ya askari jandarma, kisha waendeshaji thelathini wameshikana kama nyuki, wanakwenda Nzilo kugeuka. Alijibana pembeni. Walimpita kwa upepo mmoja. Alisikia mtu akisema "Mbuzi!" na mwingine akicheka. Katikati yao Aruna aligeuza kichwa, akamwona, mdomo ukabaki wazi. Halafu barabara ikawa tupu.

Tshilombo aliendesha. Mbuzi alimkojolea mgongoni, joto, kisha baridi. Hakuna aliyekuwa mbele yake, hakuna nyuma. Alinieleza kwamba alizoea upweke wa barabara ile kuliko sebule yake, lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza aliusikia unamuuma.

Walimfikia tena kabla ya kilima cha mwisho. Saba walitangulia, wakampita bila kumtazama. Halafu pengo. Halafu, peke yake, kichwa kimeinama, mate yamekauka pembeni ya mdomo, akaja Aruna. Alikuwa ameachwa. Kwa siku zote za mazoezi hakuwahi kupanda kilima kile bila mgongo wa mtu mbele yake.

Alipofika usawa wa Tshilombo hakuwa na pumzi ya kusema. Alimtazama tu.

Tshilombo alivuta hewa mara mbili kwa haraka.

Aruna aliingia nyuma ya gurudumu lake. Walipanda. Tshilombo alisimama kwenye pedali, mbuzi akalia sikioni mwake, suruali ya kazi ikapiga kama bendera, jasho likaingia machoni. Hakugeuka. Alikata upepo wote yeye mwenyewe, na nyuma alisikia ile pumzi anayoijua ikirudi kidogo kidogo, kwanza ya kupasuka, kisha ndefu, kisha sawa. Karibu na kilele wale saba walikuwa hatua ishirini mbele. Tshilombo alijua kwa mabega yao kwamba wanne kati yao wamekwisha choka. Angeweza kuwapita. Hilo alilijua kama mtu anavyojua jina lake.

Filimbi ililia. Jandarma wa pili alikuwa amesimama juu ya kilima na pikipiki yake.

"We! Muchunga mbuzi! Toka mu barabara! Huoni batu ya maana banapita?"

"Ndiyo, sitwayen," Tshilombo alisema, akaingia majanini. Aruna alimpita bila kugeuka, akateremka, akawashika wale saba. Tshilombo alisimama na mguu mmoja chini mpaka wote wakapotea kwenye vumbi la Kolwezi.

* * *

Mama Tshibola alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, ambao Mbelu alimletea pamoja na kuku, nyuma ya nyumba ya Mulumba, viatu miguuni, tayari kwa treni. Mbelu alikuwa chini karibu naye, ameshika pindo la kitenge chake. Tshilombo alimfungua mbuzi, akamvuta kwa kamba mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti akiwa amegeuza mgongo upande wa mama mkwe, akatoa kamba kwa Mulumba kwa mikono miwili.

Mzee alimkagua mbuzi meno, akamkagua miguu. "Huyu amechoka kupita wewe," alisema.

Mama Tshibola hakusema na mkwe wake. Alisema na mzee, kwa sauti ya kusikika. "Umuambie, mbuzi ni ndogo."

"Anasema mbuzi ni ndogo."

"Nimesikia, tata."

Mahali mbali, upande wa uwanja wa mpira, watu walikuwa wanapiga kelele na ngoma, mbio imefika. Tshilombo hakuinua kichwa.

"Umuulize," Mama Tshibola alisema, "juu ya nini mwanaume mukubwa ananyoa miguu."

Mulumba aliuliza.

"Ni juu ya kuanguka, tata," Tshilombo alijibu. "Ukianguka kwa mwendo, ngozi inatoka. Kama hakuna nywele, kidonda kinasafishwa vizuri, kinapona mbio."

"Kumbe anajua ataanguka," alisema mama mkwe, na safari hii hakusema na mzee wala na mtu yeyote. "Anajitengeneza mbele ya kuanguka. Anaenda tu."

Akavua viatu. "Mbelu, beba kuku. Tuingie kwako."

* * *

Desturi haikumruhusu Tshilombo kulala chini ya paa moja na mama mkwe, kwa hiyo jioni ile alihamisha mkeka wake kwenye jiko la nje. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaifuta mkojo wa mbuzi, akapaka mnyororo mafuta. Kwa ndani aliwasikia mama na binti wakizungumza, na baada ya miezi mingi alimsikia Mbelu akicheka mpaka kukohoa. Hakujua wanacheka nini. Labda mapaja.

Kwa jirani redio ilikuwa inasoma habari za sikukuu. Majina manne. La nne lilikuwa la Aruna. Tshilombo alisimamisha mkono juu ya mnyororo mpaka msomaji akaingia habari nyingine, kisha akaendelea. Aruna hakuja jioni ile. Watu walikuwa wamembeba mabegani, wanamzungusha mtaani.

Mbelu alileta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha kuku. Alisimama mlangoni akishika kiuno.

"Utalala hapa mpaka mama arudi Luputa?"

"Njo desturi."

"Umezoea," Mbelu alisema. Halafu akaona neno hilo lilivyotoka kwa ukali, akakaa kwenye kigoda, kwa shida, akamngoja amalize kula. Hakuwa amefanya hivyo tangu mazoezi yaanze. "Siku ya ine," alisema, "hata kama mama iko, na wewe utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa."

"Haujibu tu ili ninyamaze?"

"Kinga itakuwa inaning'inia ku musumari. Utaiona."

Mbelu alichukua sahani, akamgusa kichwa kwa mkono wenye harufu ya sombe, akaingia ndani. Taa ilizimwa mapema. Mama Tshibola alikoroma wa kwanza, kama mtu aliyetoka mbali. Baadaye kitanda kikubwa kililia mara moja, Mbelu akigeuka, kikanyamaza.

Tshilombo alijilaza. Shingo ilimwuma pale mbuzi alipokaa. Miguu yake ilikataa kutulia. Chini ya blanketi iliendelea kuzunguka, kidogo, ikipanda kile kilima. Aliiacha ipande. Ilipofika juu, palipokuwa na filimbi, ikasimama, na yeye akalala.